Vilivyobaki Koponi

Kopo ni la biskuti, kutu imelila ubavu,
swala wa kifunikoni amebaki pembe tu.
Baba aliliweka uchagani, juu ya moshi,
nasi watoto tukaambiwa mna dawa ya nyoka.
Leo tumeanua matanga, hapa Sawala,
na shangazi Tulalumba amelishusha kwa ufito,
akikohoa masizi.
"Haya. Rithini."

Mpira mmoja, una alama za meno.
Huo naujua. Aliusimulia
kila ulanzi ulipomfika kooni:
mbweha aliubeba shimo la sita akidhani yai,
akazama nao katikati ya chai,
na Bwana Hadlow, mtu wa soksi ndefu na hasira fupi,
akanyoosha kidole: "Fuata!"
Akafuata.
Akarudi magharibi, mpira mkononi,
umande hadi mapajani, kiatu kimoja.
Bwana Hadlow alishaenda kuoga zamani.
Hapo Baba hucheka mpaka akalia.
Mama hakuwahi kucheka hapo.

Glovu ya mkono wa kushoto,
imekauka kama gome la muwati.
Naijaribu. Kidole gumba hakiingii.
Alikuwa na mikono midogo
mtu yule wa vilima vyote vile.

Vijiti vya kuegeshea mpira, vitatu:
viwili vya dukani, vyekundu;
cha tatu cha mwanzi, kimechongwa kwa kisu cha jikoni.
"Alikuwa akiviuza," shangazi anasema,
"mpaka babu yenu alipogundua
mianzi ya ulanzi inapungua."
Haelezi kilichofuata. Anajishika sikio.

Na kadi.
Imekunjwa mara nne, rangi yake ya majani makavu,
juu jina la Hadlow, chini mapigo,
na kwenye shimo la nane: moja,
imezungushiwa duara kama yai kiotani.
Moja ile nani hakuisikia?
Alichinjwa ng'ombe. Wachumaji walipumzishwa nusu siku.
Jina lilichongwa kwenye ubao wa klabu,
na ubao, nasikia, umeliwa na mchwa kuanzia kwenye jina.

Shangazi anasogeza kigoda.
"Siku ile ukungu ulijilaza pale
kama ng'ombe aliyegoma njiani.
Hadlow alipiga, hakuona kitu.
Baba yenu alikuwa mbele, bendera mkononi,
ana miaka kumi na mitatu, ana sweta yangu.
Mpira ukamgonga kifundo cha mguu.
Akauokota, akautia shimoni,
akapiga kelele: Imeingiaaa!"

Tunamtazama.
"Kwa nini, shangazi?"
"Baridi! Alitaka kurudi nyumbani."

Tunacheka, na kaka yangu Lutangilo
anapenga kamasi kwenye kola ya shati la msiba,
na mimi, kwa kutojua pa kuweka mikono,
naigeuza kadi.

Nyuma kuna safu nyingine, ya penseli butu.
Haina jina. Saba. Tano. Tisa. Sita.
Mwandiko ni ule wa daftari langu la darasa la kwanza,
nne yenye kichwa wazi, saba yenye mkanda.
Pembeni: *alfajiri, fimbo moja, hakuna mtu.*
Shimo la nane: kumi na moja.

Kumi na moja, Baba.
Hakuna aliyekuwa akikutazama ila kunguru na majani,
wewe uliyemzawadia mwenzio moja ya bure,
ukajiandikia yako yote, bila kupunguza hata pigo.

Nauliza fimbo iko wapi.
Mama, aliyekuwa kimya tangu asubuhi,
anaonyesha nje kwa kidevu:
"Si hiyo inayozuia mlango wa banda la kuku?"

Naenda. Chuma kimechakaa, mpini una kinyesi.
Naichomoa, naipangusa kwenye nyasi zilizolowa,
na kuku wote wanatoka,
na ukungu unateremka kutoka msitu wa misonobari,
na Mama anapiga kelele dirishani
nirudishe mlango wake.